Mkutano wa Jumamosi: hisa za benki

Hamjambo wanachama? Mjadala wa hisa za benki za KCB na Equity, tuuze au tununue zaidi, umetukesheza wiki nzima. Tuumalize ana kwa ana Jumamosi saa 9 alasiri, kwa mweka hazina, South B.

1. Mchango ni shilingi 3,000, mwisho Ijumaa saa 12 jioni. Tangu Agosti 2025 NSE (soko la hisa la Nairobi) inaruhusu kununua hata hisa moja, kwa hiyo "hatufikishi hisa mia" si kisingizio tena.
2. Wanaotaka tuuze kwa hofu ya uchaguzi wa 2027 na ushuru wa Marekani waje na hoja, si uvumi. Mimi mikopo ya benki isiyolipika ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, lakini kura ni yenu.
3. Katibu, taarifa ya CDS (akaunti yetu ya hisa) tafadhali.

Jibuni "Nakuja" au "Siji" kabla ya Alhamisi usiku. Chai ipo, mandazi mje nayo.