Malalamiko: mmekata epsodi 11 za One Piece kimyakimya halafu mkabadilisha namba

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, huu mwaka wa pili, nalipia kwa simu kifurushi cha mwaka mzima cha apu yenu ya kuangalia anime (katuni za Kijapani), niko Morogoro, akaunti yangu mtaiona kwa imeili hii hii ninayoandikia. Hii ni mara ya tatu nawaandikia kuhusu jambo moja. Mara mbili za mwanzo niliandika kwenye chati ya apu nikajibiwa na ule ujumbe ulioandaliwa tayari, unaoshukuru kwa kuwasiliana nanyi halafu basi, kwa hiyo safari hii naomba barua isomwe na mtu mwenye uamuzi, hata kama ni ndefu.

Tatizo lenyewe ni hili. Mimi na mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, tunaangalia One Piece, ile anime ya maharamia, kuanzia mwanzo kabisa, ile epsodi ya kwanza ya 1999, epsodi mbili kila usiku tukishamaliza kula, bando naweka mimi yeye anapika chai. Tumeenda hivyo karibu miezi mitatu. Tukafika 195, mwisho wa Skypiea, wanaagana na watu wa kisiwa cha mawinguni, ile kengele ya dhahabu inalia, wanaanza kushuka na mdogo wangu anafuta machozi. Tukabonyeza inayofuata, apu ikaandika 196, ikafunguka na sisi tunaona watu wako baharini zamani, meli inakwenda, tayari ni habari za kisiwa kirefu na yule Foxy na michezo yake. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, kwani wametua saa ngapi?"

Mimi hii One Piece nilishaiangalia zamani nikiwa chuo, tulikuwa tunapokezana flashi bweni zima, kwa hiyo nilijua palepale. Hiyo mnayoiita 196 ni ya 207. Epsodi 11 zote, 196 mpaka 206, hazipo, na badala ya kuacha pengo lionekane mmezipanga namba upya mtu asishtuke. Yani mtu ambaye hajawahi kuiona hawezi kujua kama kuna kitu kimetolewa. Hilo ndo limeniuma kuliko hata kule kukata.

Jibu nililopata kwenye chati lilisema mmeondoa sehemu ambazo si za hadithi kuu ili mteja afurahie zaidi. Sasa naomba niwaeleze, kwa heshima kabisa, kwa nini hilo jibu si sahihi, maana inaonekana aliyeamua alichukua mahali listi ya fila, yani epsodi zilizotungwa na studio ambazo hazimo kwenye manga, kitabu cha katuni cha asili, akaipitisha kama ilivyo bila kuangalia hata epsodi moja.

Mimi sitetei fila zote. Najua zinatoka wapi. Manga inatoka kwa wiki sura moja, kurasa hazifiki hata 20, na anime kama hizi zilikuwa zinarushwa kila wiki dakika 20 na kitu, kwa hiyo lazima zingeikuta manga mbele, na zikiikuta studio ilibidi itunge ya kwake isubiri mwandishi asogee. Kuna wakati hiyo subira inaua. Naruto ya kwanza, ile anime ya vijana wa ninja, Sasuke rafiki yake Naruto kashaondoka kijijini, epsodi ya 135 inakwisha umekaa hapo roho imekwama, halafu kuanzia 136 mpaka 219 ni misheni moja baada ya nyingine, kijiji hiki, kijiji kile, watu usiowajua na hutawaona tena, zaidi ya mwaka mzima na nusu wa televisheni Japani watu walikuwa wanaangalia hivyo, na ile huzuni ya Sasuke inapoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Hapo mtu akiniambia fila zimeidhoofisha Naruto nakubali bila ubishi. Rafiki zangu wengi waliiacha palepale wakarudi Shippuden, mwendelezo wake, ilipoanza.

Lakini G-8, yani hizo epsodi 11 mlizokata, si hiyo. Kama mngeiangalia msingeigusa. Luffy na maharamia wenzake wanashuka kutoka angani na yule pweza aliyejaa upepo kama puto, na badala ya kuangukia bahari ya wazi wanaangukia katikati ya ngome ya wanamaji, Navarone, imezungukwa na miamba pande zote, hakuna pa kutokea. Wametoka kupigana na mtu anayejiita Mungu, sasa hapa hakuna wa kupigana naye, kuna watu wa kujificha wasione. Wanatawanyika, kila mmoja anajificha kwa namna inayofanana na yeye mwenyewe. Sanji anaishia jikoni kwa wapishi wa wanamaji. Chopper anaishia zahanati kwa sababu akiona mgonjwa hawezi kupita. Robin anajifanya afisa aliyetumwa kukagua ngome. Zoro anakamatwa. Na mkuu wa ngome, Jonathan, ni mvuvi, anapenda kukaa na ndoano yake, na anawawinda hivyohivyo, kwa subira, hana makelele wala hasira, mkewe ndo mpishi mkuu pale jikoni alipo Sanji. Huyu mtu hayupo kwenye manga kabisa, alitungwa na studio, na bado mimi nikiulizwa maadui wa One Piece walionikaa kichwani yeye yumo. Mdogo wangu hajamwona. Nimejaribu kumsimulia lakini simulizi yangu haitoshi.

Na kuna jambo ambalo mkata epsodi hawezi kulijua kama hajafika mbele. Pale G-8 mafundi wa wanamaji wanaitengeneza Going Merry. Meli ya maharamia inatengenezwa na adui zao, unaona mbao, unaona misumari, unaona watu wanaoijali meli kama meli. Halafu mbele, wakifika Water 7, mji wa mafundi wa meli, wanaambiwa meli haitengenezeki tena. Mimi nilivyofika pale mara ya kwanza ile habari ilinipiga vibaya na sehemu ya sababu ni hizo epsodi 11, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiona inapigwa nyundo ikasimama. Mmemnyima mdogo wangu hiyo. Atafika Water 7 atalia, ndio, kila mtu analia pale, ila hatalia na ile meli aliyokuwa ameiona karakana.

Hiyo ndo kazi ya hadithi ya katikati. Inabeba mtu kutoka jambo moja kubwa kwenda jambo jingine kubwa bila kumtupa. Baada ya Skypiea, ambayo ni ndefu na nzito, mtu anahitaji pumzi, anahitaji kuwaona hawa watu saba wa meli wakiwa wao tu, bila vita ya kuokoa nchi. Ukiondoa pumzi hiyo unabaki na vita juu ya vita, na vita juu ya vita nayo inachosha, hata ziwe nzuri vipi.

Baada ya kugundua hilo nikaanza kukagua na nyingine, na ndo nikaona hamna hata utaratibu. Kwenye Naruto mmetoa epsodi ya 101, ile ya Naruto, Sasuke na Sakura kuhangaika siku nzima waone uso wa mwalimu wao Kakashi chini ya barakoa, mwisho anaivua na chini kuna barakoa nyingine. Kweli haipo kwenye manga pale. Lakini angalieni ilipokaa. Ni 101, na kwenye 107 Naruto na Sasuke wanapigana juu ya paa la hospitali kwa nia ya kuumizana, na muda si mrefu Sasuke anaondoka. Ile siku ya barakoa ni katika siku za mwisho tunawaona hawa watatu wakicheka kitu kimoja. Ukiitoa, wanaonekana kama watu ambao hawakuwahi kupendana sana, halafu mnataka mtu aamini Naruto atamtafuta rafiki yake miaka na miaka.

Shippuden nako mmetoa 349 mpaka 361, Kakashi akiwa Anbu, kikosi cha siri cha kijiji. Hii nayo nashangaa. Mtazamaji ametoka kujua kwamba Tobi, yule adui wa barakoa, ni Obito, rafiki wa Kakashi wa utotoni, ametoka kuona Rin mwenzao alikufaje na kwa mkono wa nani, Kakashi yuko vitani amesimama mbele ya Obito. Hizo epsodi 13 zinaonyesha huyu kijana alibeba vipi kile kifo, anavyoingizwa Anbu, anavyokutana na Tenzo ambaye baadaye tunamjua kwa jina la Yamato, anavyomwona Itachi, kaka yake Sasuke, akiwa bado mtoto anaingia kazi zile za giza, mpaka anavyokuwa mwalimu anayewafelisha wanafunzi kila mwaka hadi wanapokuja wale watatu. Mwalimu wa miaka yote tuliyemzoea anasoma kitabu chake, hapo ndo unaelewa alikuwa anakwepa nini. Sawa, inasimamisha vita, na wapo waliolalamika wakati ule kwa sababu walikuwa wanasubiri wiki kwa wiki. Lakini leo mtu anaangalia zote mfululizo kwenye apu yenu, hasubiri wiki, kwa hiyo hata ile kero ya zamani haipo.

Halafu Bleach, anime nyingine, 168 mpaka 189 mmeziacha bila kukata! Hapo ndo nilikata tamaa na hiyo listi yenu. Ichigo, shujaa wake, yuko Hueco Mundo, dunia ya jangwa ya maadui, ameenda kumwokoa rafiki yake Orihime, wenzake wanavuja damu, epsodi ya 167 imeisha katikati ya mapigano, na 168 inafunguka na kapteni mpya anaitwa Amagai na Ichigo yuko zake mjini kwao kama hakuna lililotokea. Epsodi 22 nzima hivyo mpaka 190 ndo wanarudi jangwani. Kama kuna mahali pa kuweka alama kumwambia mteja "hapa hadithi inasimama, ukitaka ruka", ni hapa. Nyie hapa hamkugusa, mkaenda kukata Kakashi.

Studio zenyewe zinajua tofauti hii. Demon Slayer, ile filamu ya treni ya 2020 walipoigeuza kuwa ya televisheni 2021, waliongeza mbele yake epsodi nzima mpya ya Rengoku, mmoja wa mashujaa, kabla hajapanda treni. Hakuna aliyewalazimisha, filamu ilishatoka na watu walishaiona. Ila humo unamwona anakutana na bibi na mjukuu wanaouza chakula cha safarini, anawasaidia, ananunua maboksi yao, na ukifika kwenye treni yale maboksi yote anayokula huku anasema tamu, tamu, unajua yametoka mikono ya nani. Epsodi moja tu, na kifo chake mbele kinakuwa kizito mara mbili.

Na kama hoja yenu ni kwamba hata wenye mali huwa wanakata, ni kweli, wanakata. Toei, studio yenyewe, walikata anime yao ya Dragon Ball Z 2009 wakatoa fila nyingi sana, hata ile ya Goku na Piccolo kwenda kujifunza kuendesha gari ikaondoka. Lakini waliipa jina lake, Dragon Ball Kai, wakaitangaza kama toleo lililopunguzwa, na Z nzima ikabaki kwa anayeitaka. Mteja alijua anaangalia nini. Nyie mmekata ya watu mkaacha jina lilelile, picha ileile ya mbele, na chini mmeandika "epsodi zote". Hiyo "epsodi zote" ndo niliyoilipia.

Kwa hiyo ninachoomba. Rudisheni hizo epsodi 11 za One Piece, na 101 ya Naruto, na zile 13 za Shippuden, na kama kuna nyingine mmetoa ambazo sijafika bado mziseme. Namba zirudi kama zilivyorushwa Japani, kwa sababu sasa hivi nikiongea na mtu yeyote kuhusu epsodi fulani hatuelewani, yeye anasema 230 mimi naona 219. Kwa wasiotaka fila wekeni alama na kitufe cha kuruka, ni haki yao, sina shida nao hata kidogo, mtu ana kazi na watoto hana muda wa epsodi 84 za misheni. Ila aamue mwenyewe akiwa anaona. Na siku mkitoa kitu chochote, iwe ni kwa sababu ya leseni au sababu nyingine, mwandike palepale kwenye ukurasa wa siriz husika.

Kama sababu ni leseni, yani hamkupewa ruhusa ya hizo epsodi, niambieni hivyo tu, nitaelewa, ila ondoeni neno "zote".

Nasubiri jibu la mtu ndani ya siku 14. Zikipita bila jibu naomba mnirudishie hela ya miezi mitano iliyobaki kwenye kifurushi, kwa namba ileile niliyolipia. Nimeambatanisha skrinshoti nne, mbili za listi yenu ya namba na mbili za yale majibu ya chati.

Sisi tumesimama 195. Mdogo wangu amekataa kuendelea mpaka ajue walivyotua, na kila siku usiku ananiuliza kama mmejibu.

Wenu mteja,
Morogoro