Gari likikata umeme wote, msikimbilie kununua betri

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti lako tuzungumze na wenye magari wa Tanga mjini na wale wa njia za Pangani, Muheza na Horohoro. Sisi ni mafundi umeme wa magari. Linalotuuma ni gari kukata umeme wote kwa mpigo: unazungusha ufunguo, dashibodi giza, honi kimya, taa ya ndani haiwaki, stata haisemi hata "ta". Mwenye gari anaambiwa papo hapo kwamba betri imekufa. Anatoa fedha ya betri mpya, na mara nyingi ile aliyoiacha dukani haikuwa na kosa lolote.

Betri iliyoishiwa chaji kwa kawaida huaga kabla ya kwenda. Taa hufifia, stata huvuta kivivu, kisha hubaki kugonga ta-ta-ta-ta. Giza la ghafla ni habari nyingine. Mara nyingi maana yake njia ya umeme imekatika mahali, na ndani ya gari umeme wote unapita sehemu chache sana: teminali mbili za betri (vibanio vya waya vinavyoshika vichwa vyake), waya wa ethi unaotoka hasi kwenda kwenye bodi na injini, na fyuzi kuu. Ni kweli betri yenyewe huweza kukatika ndani, lakini hilo ni nadra, na mita (kifaa cha kupimia volti) italisema. Ikiwa honi na taa ya ndani zinafanya kazi ila dashibodi tu ndiyo giza, acheni betri kabisa. Angalieni fyuzi ya swichi ya ufunguo, kisha swichi yenyewe.

Anzeni na teminali. Fungua boneti, shika teminali ya hasi kwa mkono mtupu, jaribu kuizungusha. Ikizunguka hata kidogo, umeshapata pa kuanzia. Hewa yetu ina chumvi, na gari linalolala karibu na bahari, tuseme Raskazone, huota unga mweupe au wa kijani kwenye teminali upesi. Unga huo angalau unaonekana. Kibaya zaidi ni ule utando mwembamba wa kijivu unaojificha kati ya kichwa cha betri na teminali iliyokibana: kwa nje pasafi, kwa ndani umeme haupiti. Stata ya gari dogo hunywa ampea 100 hadi 200. Kizuizi cha omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0.01 tu, kwa ampea 150, kinameza volti 1.5. Kikiwa kikubwa zaidi ya hapo, taa ndogo huwaka vizuri, ukipiga stata kila kitu kinazima, halafu ukibamiza boneti umeme unarudi wenyewe.

Kwa mwenye mita, iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Gusa vichwa vyenyewe vya betri, si teminali. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6, iliyobaki nusu 12.2, na chini ya 11.8 ni tupu. Ikisoma 10.5 hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, maana kila chumba hutoa kama volti 2.1, hiyo kweli ni ya kubadilishwa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Mita hainywi umeme. Hata ukibaki uzi mmoja wa shaba kwenye waya uliooza, mita itasoma 12.6 na utaamini njia ni nzima. Lazima upime gari likiwa na mzigo. Mwambie mwenzako awashe taa kubwa. Ncha moja ya mita ikae kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye teminali inayokibana kichwa hichohicho. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi 0.2, hapo ni pachafu. Ikisoma 12 nzima, hapo ndipo njia ilipokatika. Kisha ncha moja iende kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma cha injini, halafu kwenye bodi. Volti zikionekana huko, fuateni waya wa ethi hadi boliti yake ya mwisho. Ukunjeni waya kwa vidole: ukivunjika kama kijiti ndani ya gamba lake, shaba imeshageuka unga wa kijani.

Kusafisha hakuhitaji gereji. Kwa spana namba 10, vua hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Kijiko kimoja cha bekingi soda katika nusu lita ya maji ya moto kitamaliza unga, ila vifuniko vya betri viwe vimefungwa maji yasiingie ndani. Sugua kichwa na tumbo la teminali kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza, ndipo upake Vaseline juu. Si kabla.

Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na mengi ya yale madogo huja na teminali nyembamba: kichwa cha chanya cha betri yake kina kipenyo cha kama milimita 14.7, wakati kile kinene ni 19.5. Ukinunua betri ya vichwa vinene, teminali itapanuliwa kwa nyundo na kupata ufa. Teminali nene nayo ikivishwa kwenye kichwa chembamba, watu huchomeka msumari au kipande cha bati ili ibane. Msumari unagusa mistari miwili tu, unashika kutu, na baada ya miezi michache gari linazima barabarani. Kuna pete za risasi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Wenye maduka ya spea tunawaomba waziweke.

Ikiwa betri na teminali ni nzima na bado giza, nendeni kwenye fyuzi kuu, ndani ya fyuzi boksi chini ya boneti au juu ya teminali ya chanya yenyewe. Mara nyingi ni ya ampea 80, 100 au 120. Haiungui bure. Aghalabu mtu amegeuza waya wakati wa kuboosti (kuwasha gari kwa betri ya gari jingine), au amefunga betri kinyume. Pimeni pande zake zote mbili kwa testa (kitaa cha kupimia umeme). Katika magari mengi imekazwa kwa boliti, na boksi lazima lifunguliwe; kuing'oa kwa bisibisi kunavunja boksi zima. Weka ya namba ileile. Anayeunganisha kwa kipande cha waya ameondoa kinga kuu ya wayaringi, na shoti ijayo inaweza kuwasha moto. Kabla ya kuweka mpya, pimeni daiodi (vipitisha umeme upande mmoja tu) za alteneta, mashine inayochaji betri, kwa sababu zikiwa zimepiga shoti, fyuzi mpya nayo itaungua.

Likikata njiani usiku, kumbukeni kwamba hata hazadi haziwaki. Toka barabarani mapema ukiwa bado na mwendo, kanyaga breki mara moja kwa nguvu bila kupampu, na weka pembetatu nyuma ya gari.

Mafundi wenzetu, tuacheni kung'oa teminali gari likiwa linanguruma eti tunapima alteneta. Betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiitoa, volti zinaruka juu ghafla na kontrol boksi (kompyuta ya gari) inaweza kuungua. Mita kwenye betri, injini ikiwaka, ikisoma kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Na mteja aonyeshwe namba hizo kwa macho yake, pamoja na zile za teminali, kabla hajatoa fedha ya betri.

Mafundi umeme wa magari,
Ngamiani, Tanga