Kutuma vifurushi vingi mikoani ukiwa nyumbani: anza na orodha

Ofisi yetu husafirisha vifurushi kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani, na wateja wetu wengi wanauza bidhaa wakiwa nyumbani. Vitenge, khanga, mafuta ya nywele, viatu vya watoto na vyombo vya jikoni huonyeshwa kwa picha za simu, malipo huingia kwa simu hiyo hiyo, na baada ya siku chache sebule ya nyumba iliyoko Tabata au Kigamboni imejaa mizigo inayosubiri kwenda Arusha, Songea, Mwanza na Masasi. Anayetuma kifurushi kimoja kwa wiki anaweza kukumbuka kila kitu kwa kichwa. Anayetuma thelathini kwa mkupuo hawezi, na malalamiko mengi yanayotufikia, ya mzigo uliochelewa, uliopotea au uliochukuliwa na mtu asiye wake, ukiyafuatilia hadi mwanzo wake unakuta yalianzia nyumbani, kabla gari halijaondoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo tunamwomba kila mteja aanze na orodha, tena kabla hajagusa gundi wala boksi. Mazungumzo ya WhatsApp hayatoshi, kwa sababu oda iliyobadilishwa usiku hufunikwa na salamu na picha za asubuhi. Chukua kaunta buku, au jedwali kwenye kompyuta kama unayo, na uandike kwa kila mpokeaji namba ya mzigo, jina lake, namba zake mbili za simu, mji atakaopokelea mzigo, kilichomo ndani ya kifurushi, na nani anayelipa nauli. Jina liwe lile lililoko kwenye kitambulisho. Mpokeaji aliyehifadhiwa kwenye simu yako kama Mama Junior atafika stendi na kitambulisho chenye jina jingine kabisa, na karani wa ofisi ya mizigo atakuwa na haki ya kukataa kumpa. Suala la nauli nalo limalizwe mapema, kwa kuwa mpokeaji anayeambiwa alipe akiwa tayari amefika dirishani, wakati yeye aliamini bei uliyomtajia imejumuisha usafiri, mara nyingi huondoka na kuuacha mzigo hapo hapo.

Mahali pa kupokelea panahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Hata ndani ya Dar es Salaam kuna Mbezi Beach na Mbezi Luis, na umbali uliopo kati yake unatosha kumpotezea bodaboda nusu ya asubuhi. Kwenye safari ndefu kosa linakuwa ghali zaidi. Mzigo wa Njombe ukipakiwa kwenye basi la Mbeya utashushwa Makambako, kwa sababu pale ndipo barabara ya kwenda Njombe na Songea inapochepuka, na mwenye mzigo atalazimika kuufuata au kutafuta gari jingine la kuumalizia safari. Hali ni hiyo hiyo kwa Masasi, ambako basi linaloishia Mtwara mjini halifiki, na kwa Lushoto, ambayo magari ya Arusha huipita kwa chini pale Mombo. Muulize mpokeaji swali moja tu: ukisafiri kutoka Dar kwenda kwenu, unapanda gari la wapi na unashukia wapi? Jibu lake liandike kama alivyolitoa.

Orodha ikishakamilika, ipange upya kwa kufuata njia. Wauzaji wengi hufungasha kwa mpangilio wa waliolipa kwanza, jambo ambalo ni la haki kwa mteja lakini linavuruga kazi, kwani mzigo wa Moshi unakaa chini ya mzigo wa Iringa na wa Iringa chini ya mwingine wa Moshi. Weka pamoja wa njia ya Kaskazini, yaani Korogwe, Same, Moshi na Arusha, kisha wa Nyanda za Juu Kusini, wa Kanda ya Ziwa, na wa Lindi na Mtwara. Kila fungu liwe na kona yake sakafuni. Wakati wa kufungasha wawepo watu wawili: mmoja anasoma orodha kwa sauti, mwingine anaweka kitu ndani na kukitaja anapokiweka, na boksi halizibwi mpaka wote wawili wameridhika. Kazi inaonekana kuchukua muda mrefu zaidi, lakini huokoa ule muda wa kufungua maboksi kumi yaliyokwisha kuzibwa ukitafuta doti moja ya khanga iliyoingia pasipo pake.

Kuhusu ufungashaji wenyewe, nguo hazina shida kubwa ilimradi zisilowe. Zikunje, zifunge ndani ya karatasi ya kaki, kisha uzitie kwenye mfuko wa salfeti na kuushona mdomo. Vitu vya majimaji ndivyo vinavyotusumbua. Chupa ya mafuta ya nazi iliyofungwa kwa mkono tu hulegea kwa mtikisiko wa njia, na ikivuja inaharibu kila kitenge kilichokuwa pamoja nayo. Zungushia kifuniko selotepu, uitie chupa kwenye mfuko wake peke yake, uisimamishe wima, na usiichanganye na nguo hata kama mnunuzi ni mmoja. Vyombo vya kuvunjika vijazwe magazeti ndani na nje hadi boksi likitikiswa lisitoe sauti yoyote.

Jina na simu ya mpokeaji, mji, namba ya mzigo na simu yako mwenyewe viandikwe kwa maka peni, kisha vifunikwe kwa selotepu ya kung'aa. Wino wa kalamu ya kawaida juu ya kaki haustahimili mvua za masika. Karatasi ya pili yenye maelezo hayo hayo iingie ndani ya kifurushi, ili lebo ya nje ikibanduka mzigo uweze kutambuliwa.

Si kila mzigo unafaa kwenda kwa basi. Basi lina kasi, na miji mingi hupata mzigo kesho yake, lakini mpokeaji lazima aende stendi. Kwa nyaraka na vitu vidogo vya thamani tunashauri Posta, hasa huduma yake ya haraka iitwayo EMS, ambayo humpa mtumaji namba ya ufuatiliaji yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi TZ mwishoni. Iandike kwenye orodha siku hiyo hiyo. Ukituma kwa ndege, kumbuka kwamba kitu chepesi lakini kikubwa hutozwa kwa ukubwa wake. Hesabu inayotumiwa na kampuni nyingi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000, hivyo boksi la 40 kwa 30 kwa 30 huhesabiwa kuwa kilo 7.2 hata kama ndani yake mna mito mitupu. Manukato na makopo ya kupuliza usiyaweke kwenye mzigo wa ndege bila kuuliza kwanza.

Desemba ipangiwe peke yake. Wiki mbili kabla ya Krismasi abiria wa Moshi na Arusha hujaza buti kwa mizigo yao wenyewe, na vifurushi husubiri gari la kesho au la keshokutwa. Wateja wa njia hiyo waambie mapema tarehe ya mwisho ya kupokea oda.

Ofisi yetu huja kuchukua mizigo nyumbani kwako kuanzia vifurushi kumi. Tunahesabu pamoja nawe kwa kufuata orodha yako, tunasaini kila ukurasa, tunapeleka kila fungu kwenye gari la njia yake, kisha tunakutumia picha za risiti jioni ile ile pamoja na namba ya gari. Hatupokei fedha taslimu, mitungi ya gesi, wala kifurushi ambacho mwenyewe hataki kutaja kilichomo. Kama huna orodha tutakusaidia kuiandika, ila tupigie simu siku moja kabla ili tuje na mtu wa ziada.