Barua kwa Mwanangu Aliyesema Mali ni Wizi

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na mama yako anasema kofia yako umeisahau juu ya kabati. Ninakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema barazani siku ya Idd, ulipomwambia ami yako mbele ya wageni kwamba mali ni wizi, na kwamba fedha na serikali nazo ziondolewe, naye akaweka chini kikombe cha kahawa kabla hajakimaliza, akaondoka. Sikukujibu siku ile kwani haipendezi baba kubishana na mwanawe mbele ya watu, wala sikuwa na hakika kwamba wewe ndiye uliyekosea.

Kauli ile ni ya Pierre-Joseph Proudhon, Mfaransa, mtoto wa mtengeneza mapipa, aliyeichapisha mwaka 1840. Ila umeichukua nusu. Proudhon alitenganisha kumiliki na kutumia: shamba unalolilima na nyumba unayolala hakuviita wizi, alichokiita wizi ni ile haki ya mtu kukaa mbali na kuvuna kodi au faida kwenye kitu ambacho mwingine ndiye anayekitolea jasho. Kwa hivyo ami yako, mwenye vyumba vya kupangisha kule Kisauni, alielewa upesi kuliko wewe kwamba jiwe lile lilirushwa kwake. Na katika hayo, la riba hatukuhitaji Mfaransa kutufundisha.

Mimi jambo hili nililijua kabla sijalisoma popote. Nyumba uliyozaliwa ndani yake aliijenga babu yako kwa boriti, mawe na udongo, akaiezeka makuti, mabati yakaja baadaye. Nyumba ni yetu, kiwanja si chetu. Kila mwanzo wa mwezi mkusanya kodi alikuja na kitabu chake cha risiti, akasimama kizingitini, akaandika, akachana karatasi, na bibi yako akaikunja mara mbili na kuitia katika kopo la biskuti ambalo mpaka leo liko chini ya kitanda changu. Mwenye ardhi mwenyewe hatukupata kumwona uso. Bibi yako alikuwa akisema kwamba ukuta tukitaka tutaubomoa twende nao, lakini alama itakayobaki chini ni ya mwenyewe. Nyumba za namna hii zimejaa mji huu, na mgeni kutoka bara ukimweleza hudhani unamtania.

Sasa uliza karatasi ya mwenye ardhi ilitoka wapi, maana hapo ndipo ninapokuunga mkono. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda huu wa pwani: mwenye dai alipeleke, na ardhi isiyodaiwa iwe ya Mfalme wa Uingereza. Aliyejua kusoma, aliyekuwa na wakili, aliyekuwa karibu na liwali, mwakilishi wa Sultani, alipata hati. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, hawakuwa na dai ambalo sheria ile iliweza kulitambua, wakageuka maskwota mahali walipozikwa babu zao. Kisha Oktoba 1963, ukanda huu ulipokuwa unatoka mikononi mwa Sultani wa Zanzibar kuingia Kenya, makubaliano yakasema kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zitaendelea kutambuliwa. Waanarkisti, yaani watu wa fikra kama za Proudhon wanaoikataa serikali, wanaposema kwamba mali na serikali ni mapacha, mimi huona mapacha hao wakipita mbele ya mlango wangu.

Kuhusu fedha sikufuati mpaka mwisho. Watu wa pwani walihesabu reale na rupia kabla ya gavana yeyote, na mwaka 1888 kampuni moja ya Kiingereza ilipiga sarafu zenye jina la Mombasa hata kabla hatujawa na serikali ya kikoloni. Kilichobadilika ni kodi ya kibanda, iliyoanza mwaka 1901. Mtu aliyekuwa na mtama ghalani na mbuzi zizini aliambiwa alete kitu ambacho hakioti shambani, na njia ya kukipata ikawa kwenda kumfanyia kazi mwingine. Wagiriama, mojawapo ya Wamijikenda, waliokula kiapo na Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza, mwaka 1913 walikataa kodi na kupelekwa kazi, soko hawakulikataa. Kosa basi liko kwa anayekulazimisha kuitafuta pesa, wala si kwenye pesa.

Na serikali? Bakunin, mwanarkisti wa Kirusi, alimwonya Marx, mwanafikra wa kisoshalisti, kwamba hata dola ya wafanyakazi itazaa mabwana wapya, na kwa ugomvi huo akafukuzwa katika umoja wao wa kimataifa wa wafanyakazi kule The Hague mwaka 1872. Onyo lake nalikubali. Lakini sikukueleza jambo moja ulipokuwa hapa, kwa sababu mama yako hakutaka Idd yako iharibike. Kiwanja kilicho chini ya nyumba yetu kimeuzwa, na watu tumo ndani. Mnunuzi alileta notisi ya siku tisini. Tulikutana msikitini baada ya Isha, nyumba kumi na nne, tukachanga, hata mama muuza mahamri akatoa, tukamweka wakili, na mahakama ikamzuia mnunuzi kwa muda. Kule kuchanga ndiko Kropotkin, Mrusi mwingine mwanarkisti, alikokuita kusaidiana, katika kitabu chake cha mwaka 1902. Lakini amri iliyozuia tingatinga ilikuwa na muhuri wa serikali, ileile iliyompa mnunuzi hati. Nimelala na jambo hili usiku mwingi, na sijui waanarkisti wako wangesimamisha nini mbele ya tingatinga lile.

Msikiti wenyewe, kwa njia, umesimama juu ya wakfu: ardhi isiyouzwa wala kurithiwa, inayotumiwa na wote. Hilo lisome pia, ukipata nafasi.

Kesi itasikizwa tena mwezi ujao. Wakili anataka risiti zote zipangwe kwa miaka, na macho yangu hayasomi tena mwandiko uliofifia. Njoo Ijumaa, upitie kwanza kwa ami yako umwombe radhi kwa kumkatiza kahawa yake, kisha tulifungue lile kopo.

Wako baba