Baba tumemzika Portsmouth: barua kwa mdogo wangu aliyeko Maskati

Mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Naandika hapa mbele za watu kwa kuwa simu yangu hupokei, na ujumbe unausoma ukanyamaza. Nimeambiwa kurasa hizi unazipitia. Basi pitia na hii.

Mama hajambo. Goti linamsumbua baridi ikizidi na fimbo bado haitaki, anasema fimbo ni ya wazee. Ijumaa anapanda basi kwenda makaburini, akirudi anashuka Bradford Junction, anakaa kidogo na wenzake pale msikitini. Unakumbuka lile jengo lilipokuwa la bingo? Zamani zaidi lilikuwa sinema, tangu 1928. Baba alikuwa akicheka kwamba mji huu hauna taabu, unakaa mahali pamoja ukangoja, nyumba ya mchezo inakuwa nyumba ya sala.

Sasa niseme lililonikaa.

Ile usiku ya matanga, chumba cha mbele kilijaa hadi ngazini. Walikuwepo wale mabibi wote waliotufunga vitambaa vya shingo tukienda skuli, waliobaki hai. Khitma ilikuwa imekwisha, kahawa inapita. Simu ikalia, binti yangu akaona jina lako akafurahi, akaiweka sauti ya wazi ili mama asikie. Tulidhani unampa pole. Wewe ukasema: "Mmemtupa mzee kwenye udongo wa watu. Hata Sayyid Jamshid karudi. Nyie mmebaki kushikilia nini huko?"

Hakuna aliyeizima. Mimi nilikuwa na sinia mkononi na sikujua niiweke wapi. Yule bibi wa Fratton aliyekukosha ulipozaliwa alitazama chini kwenye zulia. Mama alimaliza tasbihi aliyokuwa nayo kidoleni, kisha akamwambia mjukuu wake: "Mwambie nimesikia."

Nimekusamehe mengi, na utayasikia humu mengine ambayo sijakusamehe. Lakini neno hili la "udongo wa watu" ulimtupia mama mbele ya watu wake, nami sijui nilipeleke wapi.

Tuanze na Sayyid Jamshid, kwa kuwa ni wewe uliyemleta. Ndiyo, yule sultani wa mwisho wa Zanzibar alipinduliwa Januari 12, 1964, akaondoka na meli yake Seyyid Khalifa, Mombasa wakamkatalia kushuka, akapita Dar es Salaam mpaka Uingereza. Akaishi Southsea, hapa hapa Portsmouth, mtaa wa kawaida, nyumba ya kawaida, miaka zaidi ya 50. Wazungu waliokuwa wakipishana naye dukani hawakujua wanampisha nani. Watu wa kwetu wakamfuata, mmoja akimvuta mwenziwe, ndiyo maana mimi na wewe tumezaliwa kwenye mji wa manowari na si kwengineko. Mwaka 2020 Oman wakamruhusu, naye ameshavuka miaka 90, akaenda. Amefia huko huko uliko, Desemba 30, 2024. Mungu amrehemu. Alitaka kurudi kwa wazee wake, akapewa. Ni haki yake. Baba yetu hakuwa sultani, alikuwa mpaka rangi wa doki ya manowari, na hakumwomba mtu yeyote kurudi kokote.

Unajua alivyokuwa akisema kuhusu kazi yake. Manowari za Waingereza ndizo zilizolipiga jumba la Sayyid Khalid kule Unguja Agosti 1896, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja, "na mimi leo nawapaka rangi wajukuu wao, na nalipwa kila wiki." Alilisema hilo mbele ya wakubwa wake Waingereza, wakacheka naye. Wewe uliona haya. Ulikuwa na umri ule wa kuona haya kwa kila kitu cha baba: lafudhi yake, kofia yake, ile kanga ya mama aliyoifunga kwenye kiti cha baiskeli.

Lakini kwa kanga hiyo ndiyo tulimjua. Kengele ya kutoka ikilia pale Unicorn Gate, lango la doki, maelfu ya baiskeli yalimwagika kwa pamoja, barabara nzima imefungwa na wanaume wenye makoti ya rangi moja, mabasi yanangoja. Wewe ulikuwa wa kwanza kuiona kanga. Ulipiga kelele mpaka masikio yakatuuma. Sijui kijana wa leo anayepita pale, kimya kitupu na magari mawili matatu, anaweza kuamini kwamba mji ulikuwa ukitoka mle getini kila jioni.

Na siku ile ya Aprili 5, 1982? Usiniambie umeisahau. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imetangaza kuipunguza doki, barua za kuachishwa kazi zimekwishaanza kugawiwa majumbani. Argentina ikavamia Falkland, na watu wale wale wenye barua mfukoni wakaambiwa wazitayarishe meli. Siku chache tu, usiku na mchana. Baba hakulala nyumbani. Jumatatu asubuhi tukaenda na mama hadi Round Tower, watu wamejaa juu ya kuta, wanawake wanalia na kupunga. Baba akatukuta pale, kaja moja kwa moja kutoka kazini, rangi ya kijivu imemganda masikioni, akakupandisha mabegani. Invincible ikapita karibu kiasi kwamba tuliziona nyuso za mabaharia. Kisha Hermes. Ukamuuliza zinakwenda wapi, akakujibu: "Mbali kuliko Unguja." Hilo lilikutosha. Kwako wakati ule hapakuwa na umbali mwengine duniani.

Mimi nilimtazama usoni. Mtu aliyeambiwa hatakiwi, kakesha akiwafanyia kazi waliomwambia, na alikuwa akizitazama zile meli kama zake. Mwaka 1984 doki ikashushwa hadhi, naye akawa miongoni mwa waliotoka. Hakunung'unika. Alinung'unika mama, kwa niaba ya wote.

Wewe unasema baba aliishi hapa kama mgeni. Hebu niambie huo ni ugeni gani.

Halafu unanitumia ile hoja ya Mary Rose, kwamba hata Waingereza waliiopoa meli yao wakairudisha nyumbani. Mdogo wangu, ile meli ilizama Julai 19, 1545, mbele ya ngome ya Southsea, na Mfalme Henry wa Nane anaitazama. Ilipoinuliwa Oktoba 11, 1982, imepita miaka 437, na sisi sote tumekaa sakafuni skuli mbele ya televisheni, ilivutwa masafa mafupi tu hadi bandarini. Hapo ilikotoka unaweza kupaona ukila chipsi ufukweni. Na waliokuwemo ndani je? Wataalamu walipima meno ya baadhi yao, wakaandika mwaka 2021 kwamba huenda watatu walikulia nchi za joto kusini, pengine Hispania au Afrika ya Kaskazini. Baharia mmoja asiyejulikana jina walimzika kwenye kanisa kuu la Portsmouth mwaka 1984. Hakuna aliyeuliza kwao ni wapi kabla ya kumfukia. Sasa hoja hiyo ni yako au yangu?

Yupo msomaji atakayesema dada huyu anabishana na ndugu yake kwa historia badala ya kumpigia simu. Msomaji, simu nimepiga.

Nirudi kwenye jambo ambalo hulijui, kwa kuwa hukuwepo. Wewe ulikwishakwenda Maskati, una kazi yako, una gari lako lenye ubaridi. Baba alikuwa akipenda kukaa Southsea Common, karibu na lile jiwe refu la ukumbusho wa mabaharia, majina kwa maelfu, watu waliopotelea baharini wasipate makaburi. Siku moja akaniambia kuhusu Chapwani, kile kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja. Akiwa mtoto wa Malindi, ile ya Unguja mjini, alikuwa akivuka na wavuvi mpaka kisiwani, wanafunga ngalawa, yeye anazunguka kwenye makaburi ya Wazungu. Wamo mabaharia wa Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyoshtukizwa bandarini Unguja alfajiri ya Septemba 20, 1914, imesimama kwa matengenezo, na Königsberg ya Wajerumani ikatokea ikaipiga. Walikufa 38. Watoto wa Malindi walikuwa wakiyasoma majina yao kwa makosa, wakicheka, kisha wanakaa kivulini kula maembe.

Akasema: "Mama zao hawakuwahi kuyaona yale makaburi. Na mchanga umewapokea, umewakataa? Mimi nikifa hapa, nizikeni hapa. Msinitie kwenye ndege kama shehena."

Hivyo ndivyo alivyosema. Hakuandika, kwa sababu baba alikuwa haandiki mambo, na kwa sababu hakudhani kwamba mtoto wake mmoja atamdai mwenziwe hati. Shahidi ni mimi. Najua kwako ushahidi wangu haufiki nusu.

Ulisema "mngojeni nije." Nikueleze utaratibu wa hapa, maana umeusahau. Alifariki usiku wa kuamkia mwisho wa wiki, Februari. Daktari atoe karatasi, ofisi ya kuandikisha vifo ifunguliwe, ndipo maziko. Hayo yenyewe yalitukalisha, na kila saa ikipita mama anauliza mzee bado yumo kwenye friji? Karatasi ilipotoka tulimkosha, tukamkafini, tukamsalia. Ndege yako ilikuwa bado haijapatikana. Ulitaka nimwambie mama asubiri mpaka upate nafasi? Wewe ungeweza kumwambia? Mtu mwenye akili, akifiwa yuko mbali, humwachia aliye karibu afanye linalowezekana, kisha huja akashika mkono wa mama yake. Huo ni ushauri, uuchukue, na mimi ndivyo nilivyofanya: lililowezekana. Nilifanya mimi na mume wangu na wale vijana wa msikitini ambao hata jina lako hawalijui.

Na usiseme tiketi ilikuwa ghali. Mei 2008 Pompey, timu yetu ya mpira ya Portsmouth, walipoingia fainali ya Kombe la FA ulitua Heathrow usiku, ukaenda Wembley na baba, Kanu akafunga bao moja, Cardiff wakalala. Kesho yake Southsea Common haikuwa na pa kukanyaga, na wewe na baba mmefungana skafu moja shingoni kama watoto. Nilifurahi, wallahi. Sijapata kumwona baba akiimba kabla ya siku ile. Lakini alipolala miezi ile hospitali, akiuliza kila mlango ukifunguliwa kama ni wewe, tiketi haikupatikana. Kwa Kanu ilipatikana.

Haya nimeyasema. Nilikuwa nimeapa sitalitia hili la Kanu.

Sasa jiwe. Ardhi ya kaburi imeshatulia, na mchonga mawe anataka maandishi. Ulipeleka salamu kupitia kwa shemeji kwamba nisba ya ukoo iandikwe yote, hadi kule Oman walikotoka babu zetu. Mama anataka jina lake na la babake, na chini yake "Malindi, Unguja", kisha "Portsmouth". Mimi niko na mama. Kama una neno, lilete kabla ya Ramadhani kuandama, na uniletee mimi, usimpitie shemeji. Ukinyamaza, litachongwa kama mama anavyotaka, na chumba chako cha juu kitakuwa na shuka safi siku utakayokuja kulisoma.

Dada yako.