Kwa Nini Tumelifuta Neno "Halisi" Kwenye Menyu Yetu

Mkifungua menyu mpya mtaona kitu kimepungua. Kwa miaka mingi ukurasa wa tambi ulikuwa na maandishi makubwa: "Chakula Halisi cha Kiitalia". Tumeyafuta, na mpishi ni yuleyule.

Chanzo ni spageti na kababu. Hapa Malindi Waitalia si wageni, na mzee mmoja wao, mteja wetu wa siku nyingi, aliiona sahani ile ikipita kwenda meza ya jirani. Akamwita mhudumu: "Kijana, kwetu hii haipo." Wiki hiyohiyo dada mmoja aliyekuja likizo kutoka Marekani aliagiza fettuccine Alfredo, yaani tambi bapa zenye jibini, akairudisha jikoni kwa kuwa haina malai. Mmoja alituona tumezidisha, mwenzake akatuona tumempunja, na wote walikuwa wamesoma neno lilelile.

Mzee alisema kweli, au tuseme karibu yote. Italia kababu, yaani polpette, kwa kawaida huliwa peke yake. Mkoa wa Abruzzo wanazo tambi zenye vijikababu, lakini ni vidogo mno, kijiko kimoja kinabeba kadhaa. Hizi kubwa zinazokalia spageti kama mayai kwenye kiota ni za Marekani. Kati ya mwaka 1880 na 1924 Waitalia zaidi ya milioni 4 waliingia nchi ile, wengi wao wakulima maskini wa kusini: Sicily, Calabria, Campania. Kwao nyama ilikuwa ya sikukuu, na kababu ilijazwa mkate mkavu ili nyumba nzima ipate. Walipofika New York wakakuta bucha ambayo hata kibarua anaimudu. Mkate ukapungua, kababu ikanenepa.

Hata mpangilio wa mlo ulibadilika. Napoli nyama huiva taratibu ndani ya sosi ya nyanya kwa saa nyingi. Sosi huliwa kwanza na tambi, nyama hufuata kwa sahani yake. Marekani vyote vikapakuliwa pamoja. Bilingani la parmigiana, linalookwa na sosi ya nyanya na jibini, nalo likapata ndugu wa kuku. Sasa nenda Brooklyn, mtaa wa New York, ukamwambie bibi aliyelelewa kwa sosi hiyo kila Jumapili kwamba alikuwa akila bandia. Mimi simo.

Na yule dada? Alfredo Di Lelio alikuwa na mgahawa Roma mwanzoni mwa karne ya 20, na sahani yake ilikuwa siagi na jibini la Parmigiano, basi. Malai ni nyongeza ya Marekani. Lakini ndiyo Alfredo aliyoizoea, na kosa ni letu kutomwambia kabla hajaagiza.

Msidhani huko Italia kwenyewe mambo yamenyooka. Carbonara, yaani tambi za mayai, jibini na nyama ya nguruwe, ambayo watu wako tayari kugombana kwa ajili yake, mwaka 1954 ilichapishwa katika jarida la La Cucina Italiana ikiwa na kitunguu saumu na jibini la gruyère la Uswisi. Mpishi wa Roma leo akiona hivyo atashika kichwa.

Kilichotumaliza sisi ni Bologna, mji wa Italia uliozaa jina la sosi ya Bolognese. Mwaka 1982 chama cha Accademia Italiana della Cucina kilisajili mapishi ya ragù, sosi yao ya nyama, kwenye chemba ya biashara ya mji huo. Tukayasoma: yamo pancetta, ambayo ni nguruwe, na imo divai. Jikoni kwetu vyote viwili haviingii, na haviwezi kuingia. Ile "Bolognese halisi" tuliyokuwa tukiwauzia ilikuwa kima cha ng'ombe, karoti, figili, nyanya na maziwa kidogo. Tamu, ndiyo, lakini tulikuwa tunaivika jina la mji ambao usingeitambua. Tumefanya kama wale wahamiaji, tumepika kwa kilichopo sokoni na kinachokubalika nyumbani, ila sisi tulidai kwenye menyu kwamba ni vingine.

Na sisi watu wa pwani tunajifanya wageni wa habari hii? Biriani ya Hyderabad, India, nyama na wali huiva pamoja, tabaka juu ya tabaka, chungu kimefunikwa kikakazwa. Yetu masala huiva mbali na wali, vikutane kwenye sahani. Tambi zenyewe wakati wa Ramadhani tunazipika kwa sukari, iliki na tui la nazi. Mzee wangu yule wa Kiitalia sijathubutu kumwonjesha.

Basi menyu mpya ina kila sahani na kwao. Alfredo ziko mbili: "ya Roma", siagi na jibini tu, na "ya Marekani", yenye malai, bei yake imezidi kidogo kwa sababu malai ni ghali. Spageti na kababu imeandikwa "ya Waitalia wa New York". Ile ya kima sasa inaitwa "Sosi ya Nyama ya Malindi". Carbonara tumeiondoa kabisa. Tulijaribu kwa nyama ya ng'ombe ya moshi na haikutupendeza.

Sosi ya Jumapili, ya mtindo wa Napoli, hubandikwa saa moja asubuhi na haipakuliwi kabla ya saa saba mchana. Tunapika sufuria moja tu, kwa hiyo agiza kufikia Ijumaa jioni, na useme kama nyama uletewe juu ya tambi au kwa sahani yake.