Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mnara Wetu na Majina Yake

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, na vijana mliosafiri kutoka Mwanza na Dar es Salaam: poleni na safari, karibuni nyumbani.

Mambo ya kawaida nitayapita haraka. Hesabu atazisoma mhazini. Mfuko wa rambirambi umefanya kazi yake. Wanaodaiwa ada wanajijua, nami sitawataja mbele ya wakwe zao. Paa la darasa halijavuja. Yote yaliyobaki ni mnara wa kuwakumbuka watu wetu waliokufa vitani, kwa sababu ndio uliotuumiza vichwa mwaka mzima, na ndio unaosubiri kura yenu leo.

Mliagiza kamati ikaangalie wenzetu walijengaje kabla hatujachanga shilingi. Wajumbe walioko Dar es Salaam walianzia kwenye Sanamu ya Askari, pale katikati ya mji. Wengi wetu tumeipita tukiwahi daladala: askari wa shaba, bunduki yenye singe ameielekeza bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini humo sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Yeye alikuwa juu, na askari Mwafrika alikuwa chini akimtazama. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo tuseme ukweli: kumtoa askari chini na kumpandisha juu ya jiwe peke yake halikuwa jambo dogo.

Lakini someni kibao chake. Kimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na Kiingereza pia, kwa maneno yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Kinamwambia askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halimo. Nairobi iko sanamu ya kundi la watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi, jambo la heshima, kwani jeshi lilikula kwa migongo ya wapagazi. Kibao cha pale nacho kina ahadi ile ile, na majina hayamo vile vile. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa popote. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Wanangu, miaka mia imepita. Nani sasa atampata mtoto wa mpagazi amuulize baba yake aliitwaje?

Songea ilitufundisha zaidi. Kwenye makumbusho ya Majimaji kuna kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 1906, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake mbali kidogo. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika pale. Wana sanamu za viongozi wao, ni kweli, lakini anayefika pale anajua anamlilia nani, kwa sababu Wangoni walishika majina ya watu wao.

Sasa turudi kwetu Missenyi. Vita vya Kagera sina haja ya kuwasimulia ninyi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wanajeshi wetu wengi wamelala kwenye makaburi ya kijeshi ya Kaboya, na taifa linawaenzi. Pale Kyaka magofu ya kanisa lililopigwa mabomu yamebaki kilimani, na kwa maoni yangu hakuna mchoraji angebuni ukumbusho ulio wazi kuliko huo. Wasio na pa kutajwa ni wale waliouawa vibanjani mwao, na waliochukuliwa wakavushwa mpaka wasirudi. Hao hawakuwa na namba ya jeshi.

Ndiyo maana kamati haikuafiki pendekezo la sanamu ya mwanajeshi. Najua vijana mliipenda ile picha iliyozunguka kwenye simu. Sanamu ingemeza bajeti yote, na tena ingemwacha nje bibi aliyeuawa na jembe mkononi. Tunapendekeza ukuta mfupi wa zege, urefu wa kifua cha mtu mzima, uliovikwa bamba la graniti, na majina yachongwe ndani ya jiwe. Rangi hatutaki: mvua za kwetu mnazijua. Jiwe la mchanga la Bukoba ni zuri machoni, lakini herufi ndogo zingelika. Ukuta uwe mfupi ili mjane aweze kuligusa jina la mumewe bila kuinuliwa.

Mbele yake kuwe na kidato kipana. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na kuna upinde na mshale, shoka na shada la maua. Sisi tutaweka tulicho nacho, ila lazima pawepo pa kuweka. Hayo hayahitaji kuchongwa ukutani kama mapambo.

Vyeo havitaandikwa. Koplo, mgambo na mkulima watakaa mstari mmoja, kwa mpangilio wa koo, si wa alfabeti, maana ndivyo tunavyotafutana hapa. Mama mmoja alikuja na barua ya zamani ambayo karani aliandika L pahali pa R katika jina la mwanawe, akasema hataki kosa hilo lichongwe. Kamati imekubali: jina litaandikwa kama linavyotamkwa nyumbani kwake.

Mzee wetu mmoja aliomba na wapagazi wa 1914–1918 waingie, akikumbusha kwamba Waingereza walivuka ziwa wakaishambulia Bukoba Juni 1915. Ana haki. Majina yao hatunayo, kwa hiyo tumewaachia mstari wa kwanza juu kabisa, uliochongwa “Wapagazi wa kijiji hiki”, na nafasi tupu chini yake kwa ukoo wowote utakaoleta jina.

Mtapiga kura mbili: aina ya mnara, kisha mahali. Kamati inapendekeza karibu na kisima, kwa kuwa ofisi ya kijiji inaweza kuhama. Fomu za majina ziko kwa katibu. Kila jina lithibitishwe na watu wawili wa ukoo, na tafadhali wajazieni fomu wazee wasioona vizuri. Fundi hataanza kuchonga kabla orodha haijabandikwa hadharani miezi mitatu. Herufi iliyokosewa kwenye karatasi inafutwa kwa kalamu. Kwenye graniti tutanunua bamba jipya, na hilo halimo kwenye bajeti.

Mwenyekiti